UZI: Kumdahili kijana mweusi PhD ya sayansi Marekani ni kazi ya siku moja, kumfikisha mwisho ni kazi ya miaka sita

Mkwakwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu niliuahidi siku nyingi na leo nimepata nafasi. Ni mrefu, vuteni viti.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nilikuja Marekani kusoma PhD ya baiolojia ya molekuli kwenye chuo kimoja cha majimbo ya kati, nikamaliza, nikabaki kufanya kazi maabara. Nataka tuzungumze kuhusu Wamarekani weusi, Walatino na wenyeji wa asili wa Marekani kwenye PhD za sayansi: wanatafutwaje, wanaingiaje, na kwa nini wengine huondoka na uzamili mkononi bila kumaliza walichokijia. Linatuhusu kuliko tunavyodhani. Familia za Kikongo zilizotoka kambi ya Nyarugusu kule Kigoma sasa zina watoto vyuoni Kentucky, Texas na Ohio, na nyumbani kwao wanaongea Kiswahili kama mimi na wewe.

Mwaka wangu wa nne niliwekwa kwenye kamati ya udahili kama mwakilishi wa wanafunzi. Ilikuwa Januari, theluji nje, chumba kina joto la kupitiliza, mezani kahawa na kompyuta. Waombaji walizidi 200. Kabla hatujakaa, karani alikuwa ameshawapanga kwenye jedwali kwa alama za GRE, ule mtihani ambao mwombaji wa shahada za juu alikuwa lazima aufanye. Katikati ya jedwali palikuwa na mstari mwekundu. Walio juu ya mstari, faili zao zinasomwa. Walio chini, hazifunguliwi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeifungua moja ya zile za chini. Binti kutoka chuo kidogo cha watu weusi huko Kusini. Msimamizi wake aliandika barua ya kurasa nne. Ilieleza kwamba friji ya maabara yao ilikufa Jumamosi, na binti yule, ndiyo kwanza anatoka zamu ya usiku kwenye duka la vyakula, alizipanga sampuli za protini kwenye barafu ya kununua, akaazima gari la rafiki, akazipeleka chuo cha jirani mwendo wa saa moja. Kazi ya miaka miwili ikapona. Niliisoma ile barua mara mbili.

Asubuhi nikaomba faili yake isomwe. Profesa mmoja akanijibu kwa upole kabisa: tukianza kufungua walio chini ya mstari, leo hatutoki humu. Saa nane mchana tukawa tumemaliza. Binti hakuitwa. Miaka imepita na jina lake bado ninalikumbuka.

Yule profesa alikuja kunisaidia sana kwenye tasnifu yangu, na ninamheshimu mpaka leo. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema shida yote ni watu wenye roho mbaya, siafiki. Mstari ule walichora watu wema waliochoka, ukatimiza kazi ambayo mwenye roho mbaya angeifurahia.

Mwaka 2014 wanafizikia wawili, Casey Miller na Keivan Stassun, waliandika kwenye jarida la Nature kwamba alama za GRE zinapishana sana kwa jinsia na rangi, na kwamba ni kipimo dhaifu cha nani atafanikiwa kwenye PhD. Hata ETS, taasisi inayoutunga mtihani huo, yenyewe huviambia vyuo visiutumie kuweka mstari wa kukata watu. Idara nyingi zikaanza kuuacha, na korona ya 2020 ilipofunga vituo vya mitihani, waliokuwa wanasitasita nao wakauacha.

Haya, mstari umefutwa, vijana wameingia. Hapo ndipo kazi inapoanza, na hapo ndipo vyuo vingi vinapodhani imekwisha.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, kule Berkeley, kijana aitwaye Uri Treisman alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi wanaangushwa na kalkulasi, zile hesabu za mwaka wa kwanza chuoni. Walimu walikuwa na majibu tayari: hawana hamu, shule walizotoka ni dhaifu, wazazi hawafuatilii. Yeye akaamua kwenda kuwatazama. Akachukua wanafunzi 20 weusi na 20 wenye asili ya China, akawafuata mpaka vyumbani wanakosomea. Majibu yote ya walimu yakaanguka. Weusi walikuwa wanasoma kwa bidii, saa zote walizoambiwa wasome, kila mmoja kajifungia peke yake. Wale wengine walisoma peke yao kisha jioni wanakutana, wanalinganisha majibu, wanabishana. Swali likiwashinda wote, wanajua ni swali gumu. Aliyejifungia likimshinda, anajiona mjinga, na hana wa kumwambia.

Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya kwa muda. Sisi tuliosoma bweni tumekulia kwenye diskasheni. Mmoja ameshika chaki, wengine wanambana, na ukikosea unacheka na wenzako kisha unafuta ubao. Nilipofika Marekani niliitafuta diskasheni sikuiona. Mwaka wa kwanza nilisoma nimejifungia kama wale 20, nikiamini kwamba chuo kilikosea kunichukua.

Treisman aliwaanzishia vikundi. Na angalieni alichofanya: hakuwapa masomo ya kufidia udhaifu. Aliwapa maswali magumu kuliko ya darasani, wayavunje pamoja, wakiitwa vikundi vya wanaotaka kufaulu kwa kiwango cha juu. Wakafaulu.

---

Kisima cha Kale

Mkuu nimeweka kambi. Endelea, usituache njiani.

---

Mkwakwani

Naendelea. Mfano mkubwa kuliko yote ni Programu ya Meyerhoff, chuo cha UMBC, pembezoni mwa Baltimore, Maryland.

Ilianza 1988 kwa fedha za mume na mke, Robert na Jane Meyerhoff. Aliyeijenga ni Freeman Hrabowski, mwanahisabati kutoka Birmingham, Alabama. Huyu mzee mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 12, aliandamana na watoto wenzake kudai haki za watu weusi, akawekwa ndani siku tano. Baadaye akawa mkuu wa chuo hicho kuanzia 1992 hadi 2022. Kundi la kwanza, 1989, lilikuwa vijana 19 weusi, wote wavulana. Mwaka uliofuata wakaingia wasichana.

Wanachofanya kinanikumbusha bweni. Kabla chuo hakijafunguliwa, wanafunzi wapya wanakaa pamoja majira ya joto, wanasoma hesabu na kuzoeana. Mwaka wa kwanza wanaishi pamoja. Kusoma kwa vikundi si hiari. Aliyepata C kwenye somo la msingi anashauriwa alirudie, maana msingi ukiyumba nyumba nzima itayumba. Mapema kabisa wanapelekwa maabara wakaguse kazi halisi. Na mmoja akiteleza, wenzake wanajua kabla ya ofisi kujua.

Matokeo yalipimwa kwa kuwalinganisha na vijana waliopewa nafasi hiyo hiyo wakaenda vyuo vingine. Waliobaki Meyerhoff walikuwa karibu mara 5 zaidi kuendelea na PhD za sayansi. Kizzmekia Corbett, mmoja wa wanasayansi walioongoza utafiti uliozaa chanjo ya korona ya Moderna, ni zao la programu hiyo, alimaliza UMBC 2008. Kuna walioamini siri ni haiba ya Hrabowski. Basi Penn State na Chuo Kikuu cha North Carolina pale Chapel Hill wakaiga kwa uaminifu, kipengele kwa kipengele, na mwaka 2019 matokeo yalichapishwa yakionyesha kwamba inawezekana mahali pengine pia. Siri ni kufanya yote kwa pamoja. Wanaochukua kipande kimoja, mathalani kutoa fedha tu, hawavuni.

Hiyo ni shahada ya kwanza. Kwa PhD yenyewe kuna daraja la Fisk na Vanderbilt kule Nashville, tangu 2004. Fisk ni chuo cha watu weusi kilichoanzishwa 1866, mara tu baada ya utumwa kukomeshwa. Vanderbilt ni chuo tajiri cha utafiti, maili chache tu kutoka hapo. Mwanafunzi anafanya uzamili Fisk, lakini anasoma baadhi ya masomo Vanderbilt na anafanya utafiti kwenye maabara za kule. Akija kuomba PhD, maprofesa wanaopitisha majina wameshafanya naye kazi miaka miwili. Hakuna haja ya kumpima kwa jedwali. Wanajua friji ikifa Jumamosi atafanya nini.

Ndani ya PhD mambo yanayomwangusha mtu ni madogo kwa macho. Wengi wetu kwenye baiolojia tunaanza kwa kuzunguka maabara tatu, kila moja wiki nane hadi kumi, ndipo uchague msimamizi na yeye akuchague. Mwenye mjomba profesa ameshaambiwa kwamba maabara fulani inaonekana nzuri ila wanafunzi hawamalizi. Asiye na mtu anachagua kwa kutazama tovuti. Kosa hilo moja linaweza kugharimu miaka mitatu.

Halafu fedha. Mwaka wetu wa kwanza tulifika Agosti, posho ya kwanza ikaingia mwisho wa Septemba. Mwenye wazazi wa kumtumia hakuhisi kitu. Mwenzetu mmoja Mlatino, wa kwanza kwao kufika chuo, alishindwa kulipa amana ya chumba. Alilala ofisi ya wanafunzi wiki tatu, anaoga kwenye bafu la uwanja wa mazoezi, na hakumwambia mtu kwa sababu aliamini wote wengine wana uwezo. Nilimkuta saa kumi na moja alfajiri nikienda kutazama seli zangu. Alikuwa anakunja shuka. Chuo kilikuwa kimetumia fedha nyingi kumleta: ndege, hoteli, chakula cha jioni cha kumshawishi asiende kwingine. Kumpa posho wiki tano mapema hakuna aliyekufikiria.

---

Mzee wa Ubungo

Mkwakwani nakuheshimu ila nipinge kidogo. Sayansi haina rangi. Enzaimu haijui nani ameishika. Mimi ningeogopa kupanda ndege iliyotengenezwa na mhandisi aliyependelewa. Kwa nini wasishindane wote sawa, mwenye uwezo apite?

---

Mkwakwani

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ni ya haki na nitaijibu kwa heshima.

Mwaka 1876 chuo cha Yale kilimpa PhD ya fizikia Edward Bouchet. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata PhD kwenye chuo cha Marekani, na mmoja wa watu sita wa kwanza wa rangi yoyote kupata PhD ya fizikia nchini humo. Alishindana sawa, akapita. Hakuna chuo kikuu kilichomwajiri afanye utafiti. Alikwenda Philadelphia kufundisha sayansi kwenye shule ya vijana weusi, miaka 26. Kazi ya kufundisha ni ya heshima, lakini ile fizikia ambayo angeifanya haikufanyika, na wanafunzi wa PhD ambao angewalea hawakuwepo. Kwenye sayansi mtu hulelewa na mtu. Ukimkata mmoja umekata na waliokuwa wamfuate.

Na hakuna katika programu nilizozitaja anayepunguziwa mtihani. Yule wa Meyerhoff anafanya kalkulasi ile ile, tena anairudia akipata C. Tasnifu inatetewa mbele ya kamati ile ile. Ninachokidai ni faili isomwe, na mtu akishaingia asiachwe peke yake.

Kuhusu kupendelea kwa rangi, sheria imeshabadilika. Meyerhoff yenyewe iko wazi kwa rangi zote tangu 1996. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwenye kesi za Harvard na North Carolina kwamba vyuo visitumie rangi kuchagua nani adahiliwe. Na mwaka 2025 serikali ya shirikisho ilifuta misaada mingi iliyokuwa inalipia mafunzo ya vijana hawa kwenye utafiti wa afya. Nawajua watu ambao programu yao ilikatwa katikati ya muhula, wanafunzi wakiwa tayari wameshapangiwa maabara. Hilo linaniumiza, siwezi kulisema kwa maneno laini.

---

Mzee wa Ubungo

Marahaba. Habari za huyo Bouchet sikuzijua. Nitaisoma. Kuhusu wale 20 waliojifungia vyumbani umenigusa, mwanangu wa Form Five anasoma hivyo hivyo.

---

Dada wa Kemia

Asante kwa uzi mkuu. Mimi ni Mkenya, mwaka wa tatu wa PhD, kemia. Kuna jambo watu wanachanganya, hata maprofesa. Mimi ni mweusi lakini kwenye hesabu za chuo mimi ni mwanafunzi wa kigeni. Wanapojivunia kwamba maabara ina watu weusi wanne, wote wanne tumetoka Nairobi, Accra na Lagos. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa mitaa ile inayozunguka chuo, na asilimia kubwa ya mtaa ule ni weusi. Mwanzoni sikuliona. Siku moja mama anayefanya usafi ghorofani kwetu aliniuliza, wewe ni daktari? Nikamwambia bado. Akasema mwanangu anapenda kemia, anaweza kuja hapa? Nilikosa jibu la haraka.

---

Mkwakwani

Dada umesema jambo ambalo wengi wetu tunaliogopa. Tusikubali kutumiwa kama namba ya kuziba tundu ambalo si letu. Ruzuku nyingi za serikali za kulea wanafunzi hawa zinataka uwe raia au mwenye ukazi wa kudumu, kwa hiyo sisi wa viza ya masomo hatuzili. Tunalipwa kwa kufundisha au kupitia mradi wa profesa. Ila tunaweza kuwa watu wa diskasheni. Mwaka wangu wa pili tulianza, watu sita, Alhamisi jioni, ubao mmoja. Yule mwenzetu aliyekuwa analala ofisini ndiye alikuwa anashika chaki kuliko wote. Leo ana maabara yake.

Yule mama ulimjibu nini hatimaye?

---

Dada wa Kemia

Nilimwuliza profesa wangu. Kijana alikuja majira ya joto mawili mfululizo, analipwa kwa saa. Sasa yuko chuo cha jimbo, mwaka wa pili, kemia.

---

Baba Neema

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Louisville, Kentucky. Mimi ni Mkongo wa Fizi, tulikaa Nyarugusu miaka mingi, watoto wangu wawili walizaliwa kambini. Nafanya kazi ghala, zamu ya usiku. Binti yangu wa kwanza yuko chuo, mwaka wa pili, baiolojia, anafaulu vizuri. Anasema anataka kuendelea mpaka PhD. Mimi nilimwambia mwanangu, hiyo deni tutalilipa na nini? Afadhali uuguzi, utapata kazi haraka. Sasa nasoma hapa nasikia posho. Ni kweli mtu analipwa kusoma? Naomba mnifafanulie, mimi shule yangu iliishia darasa la sita.

---

Mkwakwani

Baba Neema, shikamoo. Umeandika kitu ambacho kwa ajili yake nilifungua uzi huu.

Ni kweli. PhD ya sayansi kwenye vyuo vya utafiti Marekani kwa kawaida hailipiwi na mwanafunzi. Chuo kinafuta ada, kinampa bima ya afya na posho ya kila mwezi. Posho si utajiri, lakini mtu anapanga chumba na kula. Kuna ufadhili wa NSF, taasisi ya taifa ya sayansi, ambao unatoa dola 37,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu, na ni wa raia na wenye ukazi wa kudumu, kwa hiyo binti yako akiwa na mojawapo anaweza kuuomba. Mkopo haumo. Uuguzi ni kazi njema sana, ila asiende huko kwa kuogopa deni ambalo halipo.

Pia hana haja ya kufanya uzamili kwanza. Wengi wanaingia PhD moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza.

Jambo la kufanya sasa, akiwa mwaka wa pili: aulize kama chuo chake kina Programu ya McNair. Imepewa jina la Ronald McNair, mwanafizikia mweusi kutoka Lake City, South Carolina, aliyefariki chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986. Akiwa na miaka tisa alikwenda kuazima vitabu maktaba ya mji wake, akaambiwa maktaba si ya watu weusi, akagoma kutoka, mpaka polisi wakaitwa. Alitoka na vitabu vyake. Programu hiyo ni ya kuandaa vijana kwa ajili ya PhD, hasa wale wa kipato cha chini ambao wazazi wao hawana shahada. Binti yako ni mtu ambaye programu hiyo iliandikwa kwa ajili yake. Wanamtafutia msimamizi, wanamlipa kwa utafiti wa majira ya joto, wanamfundisha kuandika maombi. Na ada ya kutuma maombi kwenye vyuo, ambayo inaweza kufika dola 100 kwa kila chuo, mara nyingi inasamehewa ukiomba. Aombe. Vijana wengi wa kwetu hawaombi kwa aibu.

Halafu, Mzee, kuna moja ambalo ni lako wewe. Mwaka wa pili au wa tatu wa PhD kuna mtihani mkubwa wa kufuzu, wa kuketi mbele ya maprofesa na kuhojiwa. Watoto wa wasomi wanaambiwa na wazazi wao kwamba kila mtu hulia wiki ile. Wa kwetu wanadhani wanalia peke yao. Hahitaji umweleze protini. Anahitaji ajue kwamba akikupigia usiku utapokea.

---

Baba Neema

Marahaba, mwanangu. Usiku niko macho kila siku, zamu yangu inaisha saa kumi na mbili asubuhi. Hilo naliweza.

---

Baba Neema

Narudi tena. Neema alikuja nyumbani Jumamosi, nikamsomea uzi wote, mama yake akiwa amekaa hapo. Nilipofika kwa McNair akasema, Baba, hilo tangazo liko kwenye mlango wa maktaba yetu tangu mwaka wa kwanza. Nikamwuliza kwa nini hukuingia? Akasema alidhani ni la Wamarekani.

---

Mkwakwani

Mwambie Jumatatu asubuhi aende na matokeo yake mkononi. Dada wa Kemia na mimi tutamsomea insha yake ya maombi kabla hajaipeleka.

---

Dada wa Kemia

Nipo. Alhamisi jioni nina nafasi.